Mama alipiga hodi Mji Mkongwe

Nianze na la mwaka 2017 maana mpaka leo nikilikumbuka moyo unaniuma. Tulikuwa sita, ndo tumemaliza chuo Dar, tumechanga nauli ya boti ya kwenda Zanzibar na hela ya gesti, na mwenzetu mmoja ana spika ile ndogo ya kubeba mkononi lakini ukiifungua mtaa mzima unajua. Usiku wa kwanza tukatoka bustani ya Forodhani tumeshiba mishkaki na juisi ya miwa, saa tano na nusu hivi, tunakatiza vichochoro vya mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, kuitafuta gesti, muziki juu, tunaimba, tunapotea, tunazunguka tunajikuta palepale tulipotoka. Mara ya tatu tunapita sehemu ileile dirisha la ghorofani likafunguliwa. Akatokeza mama mmoja kajitanda kanga, sura sikuiona vizuri, na wala hakufoka, akasema taratibu tu: "Wanangu, humu ndani mna mgonjwa, ndo kwanza kapata usingizi."

Basi. Akafunga dirisha.

Tulizima spika tukaondoka kimya, kesho yake wenzangu walishasahau, mi nikabaki na lile neno wanangu. Angetutukana ningepata pa kujitetea. Mi nimekulia Tabora, mtaani kwetu jirani akiwa na mgonjwa hata redio inapunguzwa, kukiwa na msiba ngoma inaahirishwa bila mtu kuambiwa, sasa ilikuwaje nikae kwenye boti saa mbili tu nikashuka upande wa pili sina hata chembe ya hayo niliyofundishwa? Miaka imepita nikilifikiria na jibu ninalolipata silipendi. Sikuona kama pale watu wanaishi. Yaani nilijua, nani asiyejua, lakini kichwani mwangu Mji Mkongwe ulikuwa milango ya kuchonga, Jumba la Maajabu, nyumba ya mwanamuziki Freddie Mercury na sehemu za kupiga picha. Kwamba nyuma ya kila mlango kuna mtu anapika, anaumwa, ananyonyesha, anafanya homuweki na mtoto, hilo halikuwemo kwenye safari yangu.

Na ukisoma ushauri wa namna ya kutembelea miji ya kale kama huu utaona karibu wote anaambiwa mzungu. Mzungu vaa vizuri, mzungu usipige watu picha, mzungu usile mchana wa Ramadhani barabarani. Sisi wa bara hatumo. Sisi tunajiona tuko kwetu, Mtanzania gani anafundishwa kuishi Tanzania, na mi nasema hapohapo ndo tunapokosea maana mgeni wa kutoka mbali angalau anajua kama ni mgeni, anauliza uliza, anaogopa kukosea, sisi tunaingia na pensi na vesti mpaka mlango wa msikiti halafu tukitazamwa tunanuna.

Nilirudi mwezi wa tatu 2024 na safari hii nilikuwa na mama. Ni mtu mzima, hajawahi kupanda boti, alikuwa anatamani kuiona Zanzibar tangu utoto wake anaisikia redioni. Nilichagua kipindi kile kwa sababu gesti zimeshuka bei, sikufikiria zaidi ya hapo, kumbe ilikuwa Ramadhani na mwaka ule Ramadhani ilikutana na Kwaresima. Mama ni Mkatoliki wa kufunga kweli. Kwa hiyo yeye alifika akiwa kwenye mfungo wake na mji ukiwa kwenye mfungo wao, na nadhani hilo lilisaidia mengi, hakuniuliza hata mara moja mbona mchana hakuna pa kula.

Asubuhi ya kwanza nikamwambia mama twende nikakuonyeshe milango. Nimetoa simu, nimefika kwenye mlango mmoja mkubwa wenye vile vifundo vya shaba, nikaanza kupiga. Mama akanishika mkono. "Umepiga hodi?" Nikamwambia mama huu ni mlango wa kihistoria watu wote wanapiga. Akasema mlango ni mlango, nyuma yake kuna mtu, akasogea akaita hodi hodi wenyewe, kwa ile sauti ya kuingia uani kwa jirani. Mi nimesimama natamani ardhi ipasuke. Akatoka bi mkubwa mmoja na ndoo mkononi, wakasalimiana, na salamu za mama yangu ni ndefu, umeamkaje, watoto, kazi, funga inakwendaje, wa Tabora wanawasalimu, mwisho ndo akasema mwanangu huyu ameupenda mlango wako anaomba kuupiga picha. Bi mkubwa alicheka, akasema apige, halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Miaka yote niliyokaa hapa, wa kuniomba ni wa kuhesabu."

Akatukaribisha tukae barazani. Baraza ni kile kibao cha mawe kinachojengwa kwenye ukuta wa nyumba kwa nje, na watalii wengi tunakikalia kama benchi la stendi, tunaweka mabegi, tunaacha chupa za maji. Kwa wenyewe ni sebule. Wageni wasioingia ndani wanapokelewa hapo, wanaume wanakunywa kahawa hapo, habari za mtaa zinapita hapo. Ukikuta watu wamekaa, kupita bila salamu ni sawa na kukatiza sebuleni kwa mtu kimyakimya. Na kukaa hukatazwi, ukisalimia mara nyingi unakaribishwa mwenyewe, ukikaa bila kusema kitu unaangaliwa tu.

Bi mkubwa alitueleza kuhusu mlango wake. Kwamba siku nyingine anataka kutoka kwenda sokoni Darajani anakuta bibi harusi na bwana harusi wamesimama mlangoni, mpiga picha na taa zake, vijana wameshika vitambaa vya kurudishia mwanga, na anaambiwa bibi subiri kidogo tunamaliza. Asubiri. Ndani ya nyumba yake. Kuna siku alichelewa dawa za mumewe kwa sababu hiyo, na alilisimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua. Mi nikawa natazama chini maana nina picha za 2017 kwenye simu, mlango baada ya mlango, na sijui nilimzuia nani.

Kuhusu picha za watu, hili halina mjadala kwangu tena. Wanawake wa kule wengi hawataki kupigwa na hawataki uso wao uzunguke kwenye simu za watu wasiowajua, na watoto wanaokwenda chuo, yaani madrasa, wale wenye kanzu na mitandio midogo wanaopita mbio mbio alasiri, kila mtu anawaona wazuri na kila mtu anawapiga. Jiulize wewe mtu ampige mwanao akitoka shule, aondoke naye kwenye simu, usijue anampeleka wapi. Omba. Ukinyimwa sema asante. Kumpa mtoto hela ili asimame umpige ni kumfundisha kuacha chuo akae njiani kusubiri wageni, msifanye.

Mavazi sitayaongelea sana, kila mtu anajua, mabega na magoti yafunikwe ukiwa mjini, ufukweni ni habari nyingine. Mama alikuwa na kanga mbili muda wote na ile moja ya ziada aliigawa njiani kwa binti mmoja wa kutoka Arusha aliyekuwa anazunguka mtaa wa Malindi, hapohapo mjini, na kikaptura huku watu wanatoka kuswali. Hakumsema, alimfunga tu kiunoni kama anamfunga mwanae, akamwambia jua kali.

Siku ya pili tulienda Mkunazini, na hapa nitakaa kidogo.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 Sultani Barghash aliposaini mkataba na Waingereza, na ujenzi wa kanisa ulianza mwaka huohuo chini ya wamisionari, Askofu Steere ndiye aliyeusimamia na kaburi lake liko nyuma ya altare. Mahali pa altare panasimuliwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watu. Pembeni kuna vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kama mahali walipowekwa watumwa, dari iko chini huwezi kusimama wima, na nje uani kuna shimo lenye sanamu tano za watu wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs, ya mwaka 1998.

Kwa sisi wa Tabora mahali hapa hapako mbali. Njia ya misafara ya kati ilitoka Ujiji ikapita kwetu, wakati ule wageni wakipaita Kazeh, ikashuka mpaka Bagamoyo, ndipo watu na pembe za ndovu vikavushwa Unguja. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, hilo tunajivunia na linafundishwa, lakini njia ileile ilipita na waliofungwa, kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwingine huko, na kuna koo mpaka leo Tabora ambazo zilibaki pale kwa sababu bibi yao alishindwa kuendelea na safari. Mama anazijua kwa majina. Alipoingia kwenye kile chumba cha chini aliinama, akavua viatu, hakuna aliyemwambia avue. Akakaa. Mtembezaji wetu alikuwa ameanza maelezo akanyamaza. Tulikaa mle labda dakika kumi hakuna anayesema kitu, nasikia tu pumzi za mama.

Tukatoka nje kwenye sanamu na pale tukakuta kundi, vijana wa kwetu kabisa, Kiswahili cha Dar kile ninachokijua, mmoja amechuchumaa ukingoni mwa shimo ameweka mikono shingoni kama amefungwa, ametoa ulimi, wenzake wanampiga selfi wanacheka. Sikusema kitu. Najua wangeniambia nini, na najua vilevile kwamba mi wa 2017 ningeweza kuwa mimi niliyechuchumaa. Mama ndo alisogea. Aliwasalimia, wakamwitikia shikamoo vizuri kabisa kwa sababu ni watoto wa watu, wana adabu zao, akawauliza mmetoka wapi, mmoja akasema Mbinga, na mama akamwambia: "Basi mwanangu huyo uliyemgeuzia mgongo anaweza kuwa babu yako." Maana huko kusini, njia za kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, walichukuliwa watu wengi sana. Yule kijana aligeuka akaitazama ile sanamu. Akaitazama muda mrefu. Simu akaiweka mfukoni.

Sisemi watu wasipige picha Mkunazini, nimepiga pia, nataka wanangu waone. Nasema tu ukifika pale kaa kwanza uone uko wapi. Mlipe mtembezaji mwenye kitambulisho umsikilize mpaka amalize, usimkatishe uende kwenye kuchagua pozi.

Pesa nayo ni adabu. Kuna vijana bandarini na Forodhani wanaong'ang'ania kukupeleka hoteli, kukuuzia safari ya kisiwa cha Changuu kwa kobe wakubwa, mtaani wanaitwa papasi, jina la yule mdudu wa kung'ata, na mi sipendi kumwita mtu hivyo, ni kijana anatafuta riziki. Lakini ukimfuata hujui unakwenda wapi na anayekosa kazi ni yule aliyesomea akakata kibali Kamisheni ya Utalii. "Hapana kaka, ahsante," ukisema hivyo ukimtazama usoni anaondoka. Wanaokwazika ni wale wanaopitwa kama nguzo za umeme.

Na kuomba kupunguziwa bei. Kuna bibi alikuwa anauza vikapu vya ukili, mi nikaanza mambo yangu, elfu ishirini nyingi bibi, chukua kumi na mbili. Mama akamuuliza kusuka kikapu hiki inachukua siku ngapi? Siku nne, akajibu, na ukili wenyewe ununue, uuchemshe rangi, uuanike. Mama akanigeukia mbele yake akaniuliza jana jioni pale juu baharini ulikunywa juisi ya shilingi ngapi. Nilitoa elfu ishirini yote. Kuulizia bei ni kawaida yetu Waswahili na muuzaji mwenyewe analitegemea, ni maongezi, lakini kuna mahali yanageuka kumkaba mtu mwenye shida kuliko wewe.

Vitu vya kununua pia vina mambo yake. Usinunue kipande cha mlango wa zamani, wala vifundo vya shaba vilivyong'olewa, wala vitu vya gamba la kasa, wala yale makonokono makubwa ya baharini yanayopangwa mezani. Mlango ukitoka kwenye nyumba haurudi. Wapo mafundi wa kuchonga wanafanya kazi mpya nzuri mno, masanduku, fremu, viti, hela yako ikienda kwao ndo ufundi unabaki kwa wanao.

Jioni ya siku ya tatu tulialikwa futari na yule bi mkubwa wa mlangoni. Ndani tukaona kwa nini vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba: dari imebebwa na boriti za mikoko na mkoko haurefuki zaidi ya pale, kwa hiyo upana wa chumba unaamuliwa na mti. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Akatuonyesha ukuta mmoja umelowa, umevimba, ukigusa unamwagika unga. Nyumba ya pili yake imegeuzwa gesti, wameweka mabafu ghorofani ambako zamani hayakuwepo, bomba linavuja, na maji yanaingia kwenye boriti. Wakaja wakaziba kwa saruji, ndo ikawa mbaya zaidi maana chokaa inapumua, saruji inafungia unyevu ndani na jiwe linaoza taratibu. Mi nilikuwa nimelala kwenye gesti ya aina hiyohiyo mtaa wa pili, asubuhi na jioni naoga nusu saa.

Hizi nyumba zimechoka jamani. Jumba la Maajabu lilijengwa 1883, likapona mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaanguka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Mji wote umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini anayebadilisha boriti iliyooza ni mwenye nyumba, na hela hana. Sasa hivi nikitafuta pa kulala huko nauliza, maji machafu yanakwenda wapi, ukarabati mlitumia chokaa au saruji. Wengine wananijibu vizuri na kwa furaha, wengine wanashangaa, lakini swali limefika.

Tulifuturu kwa uji, mihogo ya nazi, kaimati na mkate wa ufuta. Adhana ilipoanza tu watu walinyamaza, na mama naye alikuwa hajala kutwa, akapiga ishara yake ya msalaba pembeni kidogo kidogo, bi mkubwa akamwona akamsukumia sahani ya tende kwanza. Hayo sitayasahau.

Tulipokuwa tunatoka niliuliza, hivi hapa na kule Kiponda ni mbali? Nikamsimulia habari za dirisha na mgonjwa. Nilidhani pengine atamjua. Akasema mwanangu madirisha ya Kiponda ni mengi, na wagonjwa tunao kila nyumba.

Usiku ule wa mwisho nilimwacha mama gesti nikatoka peke yangu. Saa tano na nusu hivi. Tarawehe imekwisha zamani, watu wameshaanza kulala ili waamke daku, Forodhani bado kuna wachache wanakusanya meza. Nikaona vijana saba wanatoka pale wanaingia vichochoroni na mmoja ameshika spika, muziki unadunda mpaka kwenye ukuta wa Ngome Kongwe. Nikawakimbilia. Nikawasalimia kwanza, nikasema wadogo zangu, mle ndani njia ni nyembamba, kuta zimekaribiana na madirisha yako wazi kwa ajili ya upepo, sauti haina pa kutokea inapanda yote vyumbani, watu wamelala, wanaamka daku.

Mwenye spika akaniangalia. "Kwani wewe mkazi wa hapa?"

"Hapana, natoka Tabora."

Akaizima. Wakaingia, nami nikaingia nyuma yao maana njia ni moja, na kuanzia pale mpaka kwenye kona ya kwanza kilichokuwa kinasikika ni ndala zetu tu.